Dirisha dogo: Ubishi wa soka nyuma ya Bunge la Ulaya

BRUSSELS

Nyuma ya majengo ya vioo ya Bunge la Ulaya inapita barabara ya zamani iitwayo Chaussée de Wavre. Ukiifuata kuelekea katikati ya mji, baada ya dakika chache tu unaingia Matongé, mtaa wa Waafrika. Ukiifuata upande wa pili unafika karibu na uwanja wa Jourdan, ambako watumishi wa Umoja wa Ulaya na mafundi wa ujenzi husimama foleni moja kununua chipsi.

Kwenye barabara hiyo kuna mkahawa mdogo ambao kila Jumapili jioni, mwezi wa Januari, hugeuka bunge la pili. Bunge hili halina wakalimani wala vipaza sauti. Lugha yake ni Kiswahili: cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Dar es Salaam. Hoja ni moja tu: nani asajiliwe, nani aachwe, na je, atatufikisha?

Msomaji anajua kwamba Januari ndiyo kipindi cha usajili wa katikati ya msimu, ambacho mashabiki wa Tanzania wanakiita dirisha dogo. Huko nyumbani Simba na Yanga hutumia dirisha hilo kuziba mapengo kabla ya mechi za Afrika. Hapa Ubelgiji Anderlecht, Club Brugge, Genk na Union Saint-Gilloise hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mezani petu ligi mbili huzungumzwa kwa wakati mmoja, na mgeni akiingia ghafla hajui kama anayelaaniwa ni mshambuliaji wa Jangwani au wa Anderlecht.

Wazungumzaji wa makala hii hawakutaka majina yao yatajwe. Baadhi yao bado wanasubiri karatasi za ukaazi, na mimi mwenyewe niliyeondoka Bujumbura mwaka 2015, baada ya redio zetu kuvamiwa na kuchomwa moto, siwezi kuwalaumu.

"Samatta ni wetu"

Ubishi huanza na Mbwana Samatta karibu kila wiki. Mzee mmoja wa Lubumbashi, shabiki wa TP Mazembe tangu utotoni, hupiga meza kwa kiganja.

"Samatta ule ni sisi tulimukomalisha pa Lubumbashi," husema. "Simba ilimuona, lakini ni Mazembe ilimufanya mutu."

Dereva mmoja mzaliwa wa Temeke, ambaye ni mwana Jangwani na hana sababu yoyote ya kuitetea Simba, siku hiyo huitetea kwa ajili ya taifa. "Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umekosea. Mlimnunua akiwa tayari amewafunga."

Kumbukumbu zinawapa wote wawili haki kidogo. Mwaka 2011 Simba ilikutana na Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo Samatta akahamia Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, na mwanzoni mwa Januari 2016 Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amesaini Genk, hapa Ubelgiji, kupitia dirisha la Januari.

Alikaa Genk miaka minne. Alitwaa ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018-19, akaifunga Liverpool kwa kichwa katika uwanja wake wa Anfield mwezi Novemba 2019, kisha Januari 2020, dirisha lilelile tena, akaenda Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya England. Safari zake mbili kubwa zote zilipita katika upenyo huo wa Januari.

Dirisha lilitengenezwa wapi?

Siku moja niliwauliza wenzangu: hili dirisha lilitengenezwa na nani? Wengi walijibu "FIFA," na dereva wa Temeke akasema "Wazungu." Wote walikuwa sahihi, lakini hakuna aliyejua kwamba mazungumzo yake yalifanyika jirani na meza yetu.

Kisa kinaanza na Mbelgiji mmoja aitwaye Jean-Marc Bosman. Mwaka 1990 mkataba wake na RFC Liège ulimalizika. Klabu ilimpa mkataba mpya wenye mshahara mdogo mno, akakataa. Dunkerque ya Ufaransa ikamtaka, lakini wakati ule klabu ya zamani iliweza kudai fedha hata kama mkataba umekwisha. Uhamisho ukakwama. Bosman akabaki hana klabu ya kwenda wala ya kurudi.

Alikwenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya, yenye makao yake Luxembourg, iliamua kwamba mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba yuko huru kuhamia nchi nyingine ya Umoja bila klabu yake kulipwa. Mahakama ikafuta pia ukomo wa idadi ya wachezaji kutoka nchi nyingine za Umoja. Wachezaji waliokuja baadaye walitajirika kwa hukumu hiyo. Bosman mwenyewe hakufaidi, na maisha yake baada ya kesi yalikuwa ya dhiki.

Baada ya hukumu hiyo Kamisheni ya Ulaya iliendelea kuibana FIFA kuhusu biashara nzima ya uhamisho. Jengo mashuhuri la Berlaymont, pale Schuman, lilikuwa limehamwa tangu 1991 ili kuondoa asbesto, na lilirejea kutumika mwaka 2004, kwa hiyo makamishna walikuwa wakifanya kazi katika majengo mengine ya mtaa huu. Tarehe 5 Machi 2001 makubaliano yakapatikana kati ya Kamisheni, FIFA na UEFA. Miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa ni haya: kuwe na kipindi kimoja cha uhamisho kwa msimu, na kingine kifupi katikati ya msimu. Hilo kingine kifupi ndilo dirisha letu dogo.

Makubaliano hayohayo yaliweka vizuizi vya kuwahamisha watoto wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja hadi nyingine. Kifungu hicho kina maana kwetu, kwani vijana wengi wa Kiafrika walikuwa wakiletwa Ulaya na mawakala kwa ahadi ya majaribio, kisha wakaachwa barabarani waliposhindwa.

Na mjadala haujafungwa. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama hiyohiyo ya Luxembourg ilitoa hukumu katika kesi ya Mfaransa Lassana Diarra. Yeye aligombana na Lokomotiv Moscow mwaka 2014, akatakiwa kulipa fidia ya euro milioni 10.5, na alipotaka kujiunga na Charleroi ya hapa Ubelgiji, klabu hiyo ikaogopa kubebeshwa deni hilo. Mahakama ikasema baadhi ya kanuni za FIFA zinakwenda kinyume cha sheria za Ulaya kuhusu uhuru wa kufanya kazi na ushindani. Kwa mara nyingine mpira wa Ubelgiji ulikuwa umelipeleka soka la dunia mahakamani.

Pointi kukatwa nusu

Tuirudie meza yetu. Baada ya usajili, hoja inayofuata ni matumaini ya ubingwa, na hapo ndipo Ubelgiji inapowachanganya wageni. Kuanzia msimu wa 2009-10 nchi hii ilikuwa na hatua ya pleyofu: ligi ya kawaida ikiisha, timu za juu huanza mashindano mapya kati yao, lakini kwanza pointi za kila timu hukatwa nusu.

Shabiki wetu mkubwa wa Union Saint-Gilloise ni dada mmoja muuguzi kutoka Bukavu. Anakumbuka msimu wa 2023-24 kama mtu anavyokumbuka wizi. Union ilimaliza ligi ya kawaida ikiwa ya kwanza kwa pointi 70. Club Brugge ilikuwa ya nne, ikiwa na 51. Baada ya kukatwa nusu, Union ilibaki na 35 na Brugge 26. Pengo la pointi 19 likawa 9, na Brugge ikatwaa ubingwa.

"Ni kama shahada yangu," alisema dada huyo, na meza nzima ikanyamaza kumsikiliza. "Nimesoma uuguzi Bukavu, nimefanya kazi miaka kumi. Nimefika hapa wameniambia nusu yake haihesabiki, anza upya. Sasa ninafanya kazi ya chini ya ile niliyosomea. Ndiyo maana ninaishabikia Union. Ninajua uchungu wao."

Mzee wa Lubumbashi akamkumbusha kwamba mwaka uliofuata sheria hiyohiyo iliinufaisha Union. Msimu wa 2024-25 Genk ndiyo iliyoongoza ligi ya kawaida na Union ilikuwa ya tatu, lakini mwezi Mei 2025 Union ikawa bingwa wa Ubelgiji kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1935.

"Na mimi ninasubiri mwaka wangu wa 2025," alijibu dada, na watu wakacheka. Mwaka huohuo vilabu vya Ubelgiji viliamua kuachana na pleyofu kuanzia msimu wa 2026-27. Hakuna aliyemwambia dada kama ofisi za shahada nazo zitabadilisha kanuni.

Msaliti ni nani?

Neno zito kuliko yote mezani ni "msaliti." Hutumika kwa mchezaji anayehamia kwa mahasimu. Jina linalotajwa zaidi ni la Mzambia Clatous Chama. Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, ikamrudisha kwa shangwe katika dirisha dogo la Januari 2022, kisha mwaka 2024 akavuka kwenda Yanga. Kuna mashabiki wa Simba ambao tangu siku hiyo hawataki hata kulisikia jina hilo.

Kijana mmoja Mrundi, shabiki wa Simba wa kufa na kupona, ndiye pekee wa upande wake anayemtetea. Kijana huyu hakukulia Burundi. Alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na Simba aliipendea redioni. Shujaa wake ni Saidi Ntibazonkiza, Mrundi aliyecheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, akaichezea Yanga, kisha mwishoni mwa 2022, dirisha dogo likiwa wazi, akajiunga na Simba akitokea Geita Gold. Msimu ulipoisha Saido na Mkongomani Fiston Mayele wa Yanga walikuwa wafungaji bora wa ligi, kila mmoja akiwa na mabao 17.

"Saido alipotoka kule kuja kwetu tulimwita shujaa," alisema kijana. "Chama alipotoka kwetu kwenda kule tukamwita msaliti. Njia ni ileile, kaka zangu."

"Bwana mdogo, mpira una heshima yake," akajibu dereva wa Temeke, ingawa yeye ndiye aliyepaswa kufurahi.

Kijana hakukasirika. Alieleza taratibu kwamba kambini mtu alihitaji kibali kutoka nje, hata kama ni kwenda sokoni au kumwona mgonjwa. Alieleza kwamba hapa Brussels ameshasubiri jibu la maombi yake ya hifadhi kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Anaruhusiwa kufanya kazi, lakini hawezi kuvuka mpaka kwenda kumwona dada yake aliyeko Ufaransa, safari ya saa mbili kwa treni.

"Mtu akipata nafasi ya kwenda anakotaka, mimi siwezi kumzomea," alisema. "Hata akienda Yanga."

Hakuna aliyemjibu haraka. Niliwatazama waliokuwa pale: mzee aliyekuja kwa masomo na kuzuiwa na vita asirudi, dada mwenye shahada iliyokatwa nusu, dereva ambaye kila mwaka huhesabu siku hadi kibali chake kisainiwe upya. Na mimi, mwana Vital'O wa Bujumbura, ambaye sijaliona jukwaa la uwanja wa nyumbani tangu 2015. Sheria iliyompa Bosman uhuru wake ilisimama juu ya kanuni moja, kwamba mfanyakazi ana haki ya kuhama. Lakini ilimhusu raia wa Umoja wa Ulaya. Kwa wengine dirisha hufunguliwa kwa kipimo, na hufungwa bila kupigiwa kipenga.

Mzee wa Lubumbashi ndiye aliyevunja ukimya. "Mutoto huyu ana akili," alisema. "Mazembe imusajili."

Saa mbili na nusu kijana akavaa koti. Zamu yake ya kusafisha ofisi, katika moja ya majengo ya mtaa huu, huanza saa tatu usiku. Dereva wa Temeke akamlipia kahawa, akamwambia, "Nenda salama, mnyama wewe, tukutane Jumapili." Nje mvua ya Januari ilikuwa ikinyesha, na madirisha ya Bunge la Ulaya yalikuwa bado yanawaka taa.