Je, Wajua? Mzazi Anapotimiza Miaka 65 Marekani

Barua huanza kumiminika miezi kadhaa kabla ya siku ya kuzaliwa, na simu za mawakala wa bima hufuata. Kwa familia nyingi za Waswahili walioko Marekani, anayezisoma barua hizo na kujaza fomu si mzee mwenyewe, ni mwanawe au mkwewe akitoka kazini usiku. Safu ya leo ni yake.

Je, wajua kwamba Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965 mjini Independence, Missouri? Kadi ya kwanza alikabidhiwa Harry Truman, rais mstaafu aliyekuwa amependekeza bima ya afya ya taifa tangu 1945 na Bunge likamkatalia.

Je, wajua kwamba barua zote hizo zinakuita kwenye njia mbili tu? Ya kwanza ni Medicare ya asili: Sehemu A hulipia kulazwa hospitali, Sehemu B hulipia daktari na vipimo, kisha mzee hununua Sehemu D ya dawa na, akipenda, bima ya nyongeza iitwayo Medigap. Ya pili ni Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi humkusanyia Sehemu A, B na kwa kawaida D katika kadi moja. Medigap na Advantage haziendi pamoja.

Je, wajua kwamba Medicare ya asili peke yake haina kikomo cha pesa zinazotoka mfukoni mwa mgonjwa? Kwa huduma nyingi za Sehemu B, mzee hubaki na asilimia 20 ya gharama, hata bili ikiwa ya matibabu ya saratani ya mwaka mzima. Medigap ipo kwa ajili ya pengo hilo. Advantage ina kikomo kwa sheria: mwaka 2025 hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao wa kampuni.

Je, wajua kwamba zaidi ya nusu ya wazee wanaostahili sasa wako Advantage? Mvuto wake unaeleweka. Mipango mingi haidai ada juu ya ile ya Sehemu B, ambayo ilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025, na huongeza meno, miwani na vifaa vya kusikia ambavyo Medicare ya asili kwa kawaida hailipii. Lakini kampuni huamua ni madaktari gani walio kwenye mtandao wake, na kwa matibabu makubwa mara nyingi hutaka idhini itolewe kwanza. Medicare ya asili inakubaliwa na madaktari walio wengi nchi nzima, na idhini za namna hiyo ni chache. Mimi nisingemchagulia mzazi bima kwa sababu ya miwani.

Je, wajua kwamba dirisha la Medigap hufunguka kwa miezi sita tu? Huanza mwezi ambao mzee ametimiza 65 na yumo Sehemu B. Ndani ya miezi hiyo kampuni haiwezi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya kisukari, presha au moyo. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, inaweza kumhoji kuhusu magonjwa yake na kumfungia mlango. Majimbo machache, yakiwemo New York, Connecticut, Massachusetts na Maine, humlinda wakati wote au walau kipindi fulani kila mwaka bila kujali hali yake. Hapa ndipo familia nyingi huumia. Baba ana miaka 65, anatembea maili mbili kila asubuhi, wanamwandikisha Advantage kwa kuwa haina ada. Akiwa na 72 figo zinaanza kusumbua, daktari bingwa anayemtaka hayumo kwenye mtandao, na Medigap haimpokei tena. Aliyeingia Advantage mara tu alipostahili akiwa na 65 ana miezi 12 ya kujaribu, na ndani yake anaweza kurudi na kupata Medigap bila maswali. Iandike ukutani tarehe ya mwisho ya miezi hiyo. Na unapochagua, mchagulie mzee wa miaka 80, usimchagulie huyu uliye naye leo.

Je, wajua kwamba mipango ya Medigap hutambulishwa kwa herufi, na katika karibu majimbo yote Mpango G wa kampuni moja hutoa mafao yaleyale ya Mpango G wa kampuni nyingine? Kinachotofautiana ni bei. Uliza pia inapandaje kadiri umri unavyosogea.

Je, wajua kwamba Medicare ya asili hailipi karibu chochote nje ya Marekani? Mama akianguka Tanga, Bujumbura au Mombasa, kadi yake haimsaidii. Medigap za G na N hulipa asilimia 80 ya dharura ya ng'ambo baada ya dola 250 za kwanza, kwa dharura iliyoanza ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Baadhi ya mipango ya Advantage nayo hugharamia dharura za nje. Mzee anayekwenda nyumbani kukaa miezi sita anahitaji bima ya safari ya peke yake.

Je, wajua kwamba kodi unayokatwa wewe mtoto haimhesabii mama yako? Sehemu A huwa bure kwa aliyekatwa kodi ya Medicare kama miaka 10, yeye au mwenzi wake wa ndoa. Mzazi aliyeletwa na mwanawe lazima awe na ukaazi wa kudumu na amekaa nchini miaka mitano mfululizo, kisha anunue: Sehemu A ilifikia dola 518 kwa mwezi mwaka 2025. Kabla ya miaka hiyo, anaweza kutafuta bima kwenye soko la Affordable Care Act. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imewaondoa katika Medicare wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu, hivyo familia zilizotoka Kongo zisicheleweshe maombi ya ukaazi huo.

Je, wajua kwamba kuchelewa Sehemu B huongeza ada kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12, na nyongeza hiyo humfuata maisha yote? Anayesamehewa ni yule mwenye bima ya kazini, yake au ya mwenzi ambaye bado yuko kazini.

Je, wajua kwamba mzee anaweza kulala hospitali siku tatu bila kuhesabiwa kuwa amelazwa? Akiandikwa yuko chini ya uangalizi tu, Medicare ya asili haitalipia kituo cha uuguzi baadaye. Muulize daktari siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba kila aina ya insulini inayolipiwa na Medicare haizidi dola 35 kwa mwezi, na mwaka 2025 gharama za dawa chini ya Sehemu D ziliwekewa kikomo cha dola 2,000? Orodha za dawa hubadilika kila mwaka. Dirisha la kuhamia mpango mwingine ni 15 Oktoba hadi 7 Desemba.

Je, wajua kwamba mzee mwenye kipato kidogo anaweza kulipiwa ada ya Sehemu B na jimbo lake kupitia Medicaid?

Na mwisho: wakala hulipwa kamisheni, lakini kila jimbo lina washauri wa SHIP ambao hawauzi bima yoyote na hawatozi hata senti. Piga 1-800-MEDICARE, omba mkalimani wa Kiswahili, naye pia ni bure, kisha uulize namba ya SHIP ya jimbo lako. Fanya hivyo kabla mzee hajatia saini.