KWA NINI MPANDA MLIMA HUAMBIWA "POLEPOLE"?

Ukiwauliza wenzako kwa nini mtu hutweta akipanda Mlima Kilimanjaro, wengi watakujibu kuwa kule juu hakuna oksijeni. Jibu hilo si sahihi. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ina oksijeni karibu asilimia 21, sawa na hewa ya ufukweni Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ya chini imelaliwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake, ikashindiliwa kama pamba ndani ya gunia; ya juu imelegea. Kileleni mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni.

Wengi wetu tumesoma katika Surat Al-An'aam, aya ya 125, mfano wa kifua kinachobana cha mwenye kupanda juu. Tutazame basi kifua hicho, pamoja na ubongo na misuli, vinafanya nini.

Wa kwanza kutambua upungufu ni viungo vidogo sana vilivyo shingoni, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani. Hivyo huchochea mapafu yapumue haraka. Lakini hapo pana mtihani: anayepumua kasi hutoa nje hewa ukaa nyingi mno, damu hupoteza uwiano wake wa asidi, na ubongo huamuru pumzi ipungue. Ndiyo maana usiku mpandaji aliyelala huweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha akashtuka akitweta. Wasuluhishi ni figo, ambazo hutoa alkali ya ziada kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo huchukua siku, si saa.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala ya kuiweka. Mishipa yake hutanuka ili damu nyingi zaidi ipite. Ubaya ni kwamba ubongo uliopungukiwa hukosea bila kujijua. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith hadi zaidi ya mita 8,000, na oksijeni walikuwa nayo. Ilipohitajika, mikono haikuweza kuinuka kuishika. Sivel na Crocé-Spinelli walikufa. Gaston Tissandier alinusurika, akaeleza kuwa hakuhisi maumivu yoyote, bali furaha!

Misuli nayo ina njia yake. Zamani ilidhaniwa kuwa huotesha vimishipa vingi vipya vya damu. Vipande vya misuli vilivyochukuliwa kwa wapandaji wa Himalaya vilionyesha zaidi jambo jingine: nyuzi za misuli hupungua unene, vimishipa vikasogeleana, na safari ya oksijeni ikawa fupi. Wakati huohuo figo hutoa homoni ya erithropoetini, inayoamsha uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Homoni huongezeka ndani ya saa chache, lakini chembe za kutosha huhitaji wiki kadhaa. Mpandaji wa Kilimanjaro hutumia kwa kawaida siku 5 hadi 8, hivyo hushuka kabla damu hiyo haijamfaa. Kinachomwokoa zaidi ni pumzi na figo, navyo vinataka apande kidogokidogo. (Watibeti ni habari nyingine. Mwaka 2010 wataalamu waligundua kuwa wengi wao wana aina ya jeni ya EPAS1 inayozuia damu isiwe nzito kupita kiasi. Sisi wa pwani tusijilinganishe nao.)

Anayenitia wasiwasi zaidi ni kijana mwenye nguvu, anayekimbilia mbele na kuficha maumivu ya kichwa ili wenzake wasimcheke. Nguvu za uwanja wa mpira hazimkingi. Akiumwa kichwa na kutapika, asipande tena mpaka apone. Mwambieni atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Hapo hangojewi asubuhi. Ateremshwe usiku huohuo, akiwa ameshikwa mkono, hata kama yeye mwenyewe anaapa kuwa ni mzima.