Chama cha Fasihi ya Kifini
Chama cha Fasihi ya Kifini kiliundwa Helsinki mwaka 1831, wakati Ufini ilipotawaliwa na Urusi na wasomi wake wakiandika kwa Kiswidi. Kifini kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima tu. Chama kiligharimia safari za katibu wake, daktari Elias Lönnrot, aliyekusanya nyimbo za kale vijijini. Mwaka 1835 kikachapisha utenzi wa Kalevala, nakala 500. Mwaka 1850 serikali ilikataza vitabu vya Kifini, isipokuwa vya dini na uchumi. Hata hivyo, mwaka 1853 Lönnrot akawa profesa wa lugha hiyo, na amri ya mwaka 1863 ikaiandalia usawa na Kiswidi. Bila matini yaliyokusanywa na kuchapishwa, somo la fasihi ya Kifini lisingepata pa kuanzia chuoni.