Ukienda Dar es Salaam, angalia neno "kuuza"



Vitenge, viatu vya watoto, masufuria na vifaa vya simu tunavyoviona sokoni hapa Kambove, Likasi na Lubumbashi, vingi vimeshuka melini kwenye bandari ya Dar es Salaam kabla ya kupanda malori ya Kasumbalesa. Kwa hiyo si ajabu mama akijiuliza: kwa nini nisiende mwenyewe, ninunue kule kwenye bei ya jumla? Wengine wamekwenda na kurudi. Wengine wanajiandaa sasa, na mara nyingi feza wanayobeba si yao peke yao. Ni zamu ya likelemba, ni akiba ya dada wawili watatu waliounganisha mikono. Feza kama hiyo ikipotea, si mtu mmoja anayelia. Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu ya safari hiyo, hatua kwa hatua.

Karatasi kwanza, tiketi baadaye

Nchi yetu iliingia kikamilifu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2022, lakini hilo halimaanishi kwamba mpaka hauna mlango. Paspoti lazima iwe hai, na iwe na miezi 6 au zaidi mbele yake. Ukipita kwa barabara utavuka nchi mbili, Zambia kisha Tanzania. Nchi zote mbili zina konsula Lubumbashi. Pita huko wewe mwenyewe kabla ya kulipa tiketi, uulize kama viza inatakiwa wakati huo, na useme kweli kazi inayokupeleka. Mtu anayekwenda kutembelea ndugu na mtu anayekwenda kununua mali huenda wasipewe karatasi ya namna moja.

Jambo la pili ni karte ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Tanzania inaidai kwa mtu anayetoka Kongo. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia. Tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote, basi kama ulikwisha chanjwa na karte yako ni ya kweli, usikubali mtu akuambie ulipe nyingine. Na usinunue karte bila sindano. Utakuwa umelipa karatasi, na ugonjwa bado unaweza kukupata.

Piga fotokopi ya kila karatasi. Acha moja nyumbani, weka nyingine mbali na paspoti.

Njiani

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Safari nzima hadi Dar es Salaam inakaribia kilomita 2,000: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, kisha Tunduma upande wa Tanzania, halafu Mbeya, Iringa na Morogoro. Hesabu siku mbili tatu njiani, na uweke feza kidogo ya kulala mpakani ikiwa foleni itakuzuia.

Ukifika Tunduma, badilisha saa yako. Sisi na Wazambia tuna saa moja, lakini Tanzania iko mbele kwa saa nzima. Ikiwa Nakonde ni 9:00, Tunduma ni 10:00.

Kuna hatari nyingine iliyojificha ndani ya saa. Wengi wetu tunataja saa kwa hesabu ya Kifaransa. Kule wanahesabu tangu jua linapochomoza: saa 1 asubuhi ni 7:00, saa 12 asubuhi ni 6:00. Mwenye basi akikuambia "tunaondoka saa 12", nawe ukaelewa saa sita ya mchana, utakuta basi imeondoka mapema alfajiri. Uliza kila mara: "Asubuhi au jioni?" Halafu tazama namba iliyoandikwa kwenye tiketi.

Na tangu Kasumbalesa magari hupita upande wa kushoto. Sisi tumezoea kutazama kushoto kwanza tunapovuka barabara. Kule gari la karibu linatoka kuume. Mwambie hata mtoto unayesafiri naye: kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena.

Kufika mjini

Mabasi ya mikoani hufika kituo kikubwa cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021. Mbezi si katikati ya mji. Ni mbali na Kariakoo, na ukifika usiku mzigo mkononi, si wakati wa kutafuta njia. Panga mapema mtu wa kukupokea au gesti ya karibu, uingie mjini asubuhi.

Watu watakuja kushika mzigo wako na kukuitia gari. Kule wanaitwa wapiga debe. Sema "Asante, napokelewa", na mkono wako usitoke kwenye mfuko. Kutoka upande huo kuelekea mjini kuna daladala, na kuna mabasi ya mwendokasi yenye njia yao peke yao, yaliyoanza 2016 kati ya Kimara, Kariakoo na Kivukoni. Kwa safari fupi kuna bajaji ya magurudumu matatu na bodaboda. Patana bei kabla ya kupanda, si baada ya kushuka.

Ukitafuta pa kulala, uliza "gesti" au "lodji". Ukiuliza "hoteli", unaweza kupelekwa mahali pa kula wali na maharage.

Kiswahili chetu na chao

Tunafurahi kwamba Dar es Salaam ni mji wa kigeni tunaoweza kuzungumza lugha yake. Lakini furaha hiyo inaweza kutudanganya, kwa sababu maneno mengine yanafanana mdomoni na kuachana katika maana.

La kwanza ni kuuza. Huku kwetu mama akisema "nimeuza nyanya", maana yake amezipata, amelipa. Anayezitoa ni yule anayeuzisha. Kule Tanzania ni kinyume: kuuza ni kutoa mali upokee feza, na kuipata ni kununua. Mwenye duka akisikia "nataka kuuza vitenge", atafikiri umemletea mali. Hiyo ni kicheko tu. Lakini mpakani si kicheko. Tangu Julai 2025 Tanzania imewakataza wageni kufanya biashara kadhaa ndogo, na uuzaji wa rejareja umo ndani. Afisa akikuuliza "Umekuja kufanya nini?", nawe ukajibu kwa nia safi "Nimekuja kuuza", umejishitaki kwa jambo usilolitenda. Jifunze sentensi hii, uirudie hadi itoke bila kufikiri: "Nimekuja kununua, narudi nyumbani na mali yangu." Na usibebe vitu vya kwetu kwenda kuvitembeza kule ili upate nauli. Hapo ndipo ungevunja sheria kweli.

La pili ni kutosha. Kwetu "tosha feza" ni kuitoa mfukoni. Kule "inatosha" ni kusema imefika kiasi. La tatu ni chakula: bukari wao ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha. Sema maji, usiseme mayi, wasije wakakuletea mayai.

Na salamu. Mbele ya mtu aliyekupita umri, anza na "Shikamoo". Atajibu "Marahaba". Kijana wa dukani akikuamkia wewe hivyo, mjibu "Marahaba" na usishangae, amekuheshimu. Kule anayeingia na kuuliza bei bila salamu anaonekana hana adabu, na bei yake hupanda.

Feza

Huku dola inalipa karibu kila kitu. Kule sivyo. Tangu mwisho wa Machi 2025 sheria ya Tanzania inakataza kutaja bei au kulipa kwa feza ya kigeni ndani ya nchi. Lazima ubadilishe upate shilingi, na ubadilishe benki au kwenye duka la feza lenye kibali, ukapewa risiti. Usibadilishe na watu wa njiani Nakonde na Tunduma, hata kama bei yao inavutia. Beba noti za dola safi, zisizochanika wala kuandikwa.

Noti kubwa ya Tanzania ni ya shilingi 10,000. Dola 1,000 zinazaa zaidi ya shilingi milioni 2, yaani zaidi ya noti 200. Huo ni mzigo unaoonekana. Badilisha kiasi cha ununuzi wa siku hiyo tu. Unaweza kusajili namba ya simu ya kule kwa paspoti yako, na kuweka feza kwenye simu badala ya kuifunga kiunoni.

Jifunze pia hesabu ya soko. Laki ni 100,000. Buku ni 1,000, jero ni 500. Mwenye duka akisema "laki na nusu", anataka 150,000. Ukiona haya kuuliza, andika namba kwenye simu umwonyeshe.

Kariakoo

Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Hata leo ni mahali pa kubeba. Mtaa wa Kongo, ndiyo, una jina letu, umejaa nguo na viatu. Mtaa wa Uhuru unajulikana kwa kanga na vitenge.

Siku ya kwanza usinunue. Tembea, uliza bei katika maduka matano sita, andika. Siku ya pili rudi na feza. Uliza "bei ya jumla" na "bei ya rejareja", kwani duka moja lina zote mbili. Fungua robota kabla ya kulipa, pima urefu wa kitenge, hesabu jozi za viatu. Dai risiti ya mashine. Sheria ya kule inamtaka mnunuzi aichukue, na ndiyo itakayokusaidia mbele ya watu wa forodha, wale tunaowaita duane. Mfuko mbeleni, simu ndani, na tembeeni wawili.

Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019. Yale masashe tunayofungia kila kitu yaache nyumbani. Beba mfuko wa nguo.

Ukituma mzigo kwa lori, andika jina lako na namba ya simu ya Kongo juu ya kila robota, piga picha, na upewe karatasi yenye idadi. Kabla ya kununua chochote, uliza Kasumbalesa mali ya namna hiyo inalipiwa nini. Bei nzuri ya Kariakoo inaweza kumezwa na ushuru usiohesabiwa.

Mwili, na wale wanaobaki

Sisi tunatoka kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200. Dar es Salaam iko pwani, na joto lake lina unyevu. Vaa nguo nyepesi lakini za heshima, kwani Waislamu ni wengi, na wakati wa Ramadani usile hadharani mchana. Kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa, lala ndani ya chandarua. Anayekwenda kutibiwa Muhimbili abebe karatasi zote za daktari, na zile za Kifaransa zitafsiriwe kabla. Namba ya polisi kule ni 112, na Ubalozi wetu uko mjini humo.

Mwisho, nyumbani. Andikeni pamoja, wewe na wenzako wa likelemba, kiasi unachobeba, mali ya kila mmoja, na nani anabeba hasara ikitokea. Andikeni kabla ya safari, wakati mioyo imetulia. Waachie jamaa jina la gesti na siku ya kurudi, na mpange saa ya kupigiana simu. Mama akisema "saa 2 usiku", mkubaliane ni saa 2 ya wapi.

Kuuliza si ujinga. Safari njema kwa wanaokwenda, na wanaorudi watusimulie bei.