Unyayo wa Shaba

Wengi wanaochora bodi za saketi kwenye kompyuta hudhani unyayo, yaani mpangilio wa padi za shaba ambapo kifaa hulehemiwa, ni picha ya kifaa kitakachokaa pale. Sivyo. Kifaa ni mgeni tu. Mwenye nyumba ni lehemu.

Chukua rezista ya ukubwa wa 0603, urefu milimita 1.6, upana 0.8. Padi zake mbili za shaba huchorwa zikichomoza nje ya ncha zake, ili lehemu ipate pa kupandia ubavuni. Ndani ya tanuri, lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi hivi, na mvutano wa uso wake huanza kuburuta. Padi zikilingana, rezista iliyowekwa kombo kidogo hurudi katikati yenyewe, hakuna mkono uliogusa. Lakini padi moja ikiwa imeungana moja kwa moja na bamba pana la shaba linalonyonya joto, lehemu ya upande wa pili hutangulia kuyeyuka, huvuta peke yake, na rezista huinuka ikasimama wima kwa ncha moja. Saketi imekatika hapo, na kosa lilikuwa kwenye mchoro.

Ndiyo maana unyayo uliokwisha kujaribiwa ni mali. Katika KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, kila unyayo ni faili dogo la maandishi. Angalia tu: bodi hubeba nakala yake ya unyayo. Ukisahihisha maktaba leo, bodi ya zamani itabaki na kosa lake mpaka uiamuru ijisasishe.

Kinachoniudhi ni uvivu wa kuhifadhi nyayo hizo. Terminali za skrubu zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingi hazina karatasi ya vipimo. Zipo za nafasi ya milimita 5.00 kati ya mguu na mguu, na za 5.08. Kwenye miguu miwili huoni tofauti. Kwenye miguu kumi imeshafika milimita 0.72, na terminali haiingii. Kila mwanafunzi anapima upya kwa rula, na bodi za nyuzi za kioo, zisizooza, zinaishia jalalani. Chuo kinashindwa nini kupima mara moja kwa kalipa, kuchapa unyayo karatasini kwa ukubwa halisi, kuweka kifaa juu yake, kisha kugawa faili?

Terminali hiyohiyo itatumika kwenye chaja ya sola, pampu, taa za kuku, kengele ya mlango, popote.