Kabla Hujamalizia Pagale

Mtu amenunua kiwanja bondeni kwa bei iliyomvutia, akamwaga msingi, akapandisha kuta hadi usawa wa lenta. Masika ya kwanza maji yakaingia mpaka magotini. Masika ya pili yakaondoka na mifuko ya saruji. Sasa amebakiwa na shilingi milioni 15 za kuezekea, anawauliza jamaa zake: niendelee au niache? Katika vikao vya namna hii hakosi mmoja wa kusema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wote wanaafiki, na mabati yananunuliwa.

Kwa sisi tunaofundisha mantiki, hapo ndipo kikao kilipopaswa kuanza, si kwisha. Methali ile si ya uongo, lakini haisemi maji ya kina gani, wala kama mtoni mna mamba. Tena ghala letu la methali lina bidhaa za kila mteja. Aliyetaka kumzuia yule mwenye pagale angeweza kujibu kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukiambiwa haraka haraka haina baraka, jibu liko tayari: ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni za wazee wetu, zote zinaheshimika, na haziwezi kufuatwa zote siku moja. Kwa hiyo kinachoamua methali ipi inahusika leo hakiwezi kuwa methali nyingine. Lazima kiwe sababu.

Henry Odera Oruka, Mkenya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliliona jambo hili vizuri kuliko wengi. Kuanzia miaka ya 1970 aliwahoji wazee wa vijijini nchini mwake, wakati ambapo wapo wasomi walioshikilia kwamba Waafrika wana mila lakini hawana falsafa, kwa kuwa eti wote huwaza sawa na hakuna anayehoji. Oruka alikuta wenye hekima wa aina mbili. Wa kwanza wanaijua mila kwa ukamilifu, wana neno kwa kila tukio, na ukiwauliza kwa nini, wanakujibu kwamba ndivyo tulivyorithi. Wa pili ni wachache, akiwemo mzee wa Kijaluo aliyeitwa Paul Mbuya Akoko. Hao nao wanaijua mila, ila wanaiuliza: jambo hili lilifaa kwa sababu gani, na sababu hiyo bado ipo? Hao wa pili ndio Oruka aliowahesabu kuwa wanafalsafa, wawe wamekanyaga chuo au hawajakanyaga.

Tumrudie mwenye pagale kwa jicho la hao wa pili. Hoja yake, ukiivua mapambo, ina sentensi mbili tu: nimeshatumia fedha nyingi, kwa hiyo niongeze nyingine. Kati ya sentensi hizo kuna dai lililojificha, kwamba fedha iliyokwenda itarudi ikifuatwa na fedha iliyobaki. Likiachwa gizani, dai hilo lina nguvu ajabu. Likitamkwa kwa sauti mbele ya watu, hata yeye mwenyewe atasita. Fedha ya msingi na ya kuta imekwenda akiezeka, na imekwenda asipoezeka. Wanauchumi huiita gharama iliyozama, na kanuni yao ni kwamba haina kura katika uamuzi wa leo. Swali linalobaki ni jepesi kulitaja: kama leo angepewa bure lile pagale pale pale bondeni, pamoja na milioni 15 taslimu, angezitumia kuliezeka?

Kosa hili haliwapati wenye viwanja peke yao. Serikali nzima imewahi kulifanya hapa kwetu. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, walianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika. Walipanga kulima zaidi ya eka milioni 3, wakaanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyonunuliwa yakiwa yamechakaa yaliharibika, visiki na mizizi vikavunja majembe, na udongo wa Kongwa ukakauka kiangazi ukawa mgumu kama sakafu. Mvua nazo hazikutosha, na habari hiyo Mgogo yeyote angewapa bila malipo. Mapema tu ilionekana kwamba hesabu hazitimii, lakini mradi ulikuwa umeshakula fedha nyingi, na waziri wa chakula, John Strachey, alikuwa ameshautetea bungeni. Ukaendelea. Ulipofutwa Januari 1951, hasara iliyotangazwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36, fedha za wakati ule.

Hapa msomaji makini atanipinga: ina maana kila jambo likiwa gumu tuliache? Hapana, na hapa methali ya maji inastahili heshima yake. Kuna wakati kazi imebakiza kidogo na faida yake ni kubwa, kama mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja. Huyo aoge tu. Muhimu zaidi, ahadi si gharama iliyozama. Kijana aliyeposa, wazee wakakaa, binti akakataa wachumba wengine kwa ajili yake, hawezi kusimama na kusema kwamba mahari aliyotoa ni fedha iliyokwenda, kwa hiyo yuko huru kuondoka. Mahari kweli imekwenda. Ila neno alilolitoa bado linamdai, na deni hilo liko mbele yake. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kujiita mtu wa mantiki huku akiwa mhuni tu mwenye msamiati.

Kuna dai jingine ambalo hujificha ndani zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloezeka mapagale mengi kuliko fedha: watu wataniona vipi? Ukuta usio na paa uko barabarani, kila apitaye anauona. Wengi tunaona haya kulitaja dai hili, hivyo tunalivisha mavazi ya uchumi. Ni afadhali liandikwe wazi, kwa sababu aibu ni gharama halali inayoweza kupimwa. Itadumu muda gani? Ni mbele ya nani hasa? Nani kati yao atakuja kukusaidia kukomba maji masika ijayo?

Kuandika kuna historia yake. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi wa Kiingereza, alipewa nafasi ya kazi akashindwa kuamua, akamwomba ushauri rafiki yake Benjamin Franklin. Franklin hakumwambia achague lipi. Alimweleza njia: gawa karatasi mara mbili, andika sababu za kukubali upande mmoja na za kukataa upande wa pili kwa siku tatu au nne, kisha futa zile zinazolingana uzito. Huko kufuta sikuamini sana, maana sababu hazipimwi kilo. Thamani iko kwenye zile siku tatu nne, ambapo sababu ya tano, ile uliyokuwa ukiikwepa, inajitokeza. Charles Darwin naye aliandika orodha kama hiyo mwaka 1838 kuhusu kuoa au kutooa. Kwenye faida akaweka kwamba mke ni mwenzi bora kuliko mbwa. Mwaka uliofuata alioa. Sidhani kama ni karatasi iliyomwoza.

Kwetu maamuzi makubwa hupitia kikao cha ukoo, na hilo silioni kuwa baya. Ninachoshauri ni utaratibu wa kuzungumza. Mkubwa akianza, akatoa methali yake, wadogo hawatampinga. Watatafuta maneno ya kumuunga mkono. Basi aanze kijana asiye na fedha yake ndani ya jengo, aseme anachokiona. Wafuate waliochangia. Baba mkubwa au shangazi afunge kikao akiwa ameshasikia yote, na kabla bati la kwanza halijanunuliwa familia ikubaliane, kwa maandishi: maji yakifika usawa gani masika hii, tunauza na kuhama.