Kumpokea Aliyejidhuru: Huduma Anayostahili Mgonjwa

Wapo miongoni mwetu watu wanaoiumiza miili yao kwa makusudi ili kutuliza uchungu wa moyoni usiosemeka. Aghalabu hufanya hivyo kwa siri na kuyafunika majeraha kwa mavazi. Wengi hawakusudii kufa. Hata hivyo, aliyewahi kujidhuru yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua siku za usoni, hivyo jeraha lake lisipuuzwe hata likiwa dogo. Makala haya yanaeleza namna mhudumu wa afya anavyopaswa kumpokea, ili kila mkazi ajue huduma anayostahili na asisite kuiomba.

Mapokezi na matibabu

Anayefika zahanati na jeraha alilojitia mwenyewe ni mgonjwa kama wengine. Kidonda chake husafishwa kwa uangalifu uleule, na kikihitaji kushonwa hutiwa ganzi. Kumshona bila ganzi ili "akome", kumkemea mbele ya foleni, au kumwambia kwamba anatafuta kuonewa huruma, ni kumwongezea aibu ileile iliyomfanya ajifiche. Aliyefedheheshwa leo huenda asirudi kesho, hata jeraha likiwa kubwa zaidi.

Mazungumzo ya faragha

Jeraha likishahudumiwa, mhudumu huketi naye faraghani, humsikiliza bila kumkatiza, kisha humwuliza waziwazi iwapo ana mawazo ya kujiua. Wako wanaodhani kwamba swali hilo humtia mtu wazo asilokuwa nalo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP unaeleza kinyume chake: kuuliza hakuchochei tendo, na mara nyingi humpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya aone kuwa ameeleweka.

Kumwapisha kwamba hatarudia hakumsaidii. Kinachofaa ni kupanga pamoja naye: dhiki ikianza ataitambuaje, atamwendea nani, na nyumbani nani atatunza dawa za hospitali na za mashambani mahali penye kufuli.

Anayoyasema ni siri yake. Maisha yake yakiwa hatarini, mhudumu hulazimika kumshirikisha ndugu anayeaminiwa, lakini humweleza mgonjwa kwanza.

Ufuatiliaji

Huduma haiishii kwenye bandeji. Mwongozo huo unashauri mawasiliano ya mara kwa mara, kwa mfano kila wiki katika miezi 2 ya mwanzo, kwa simu au kwa kumtembelea nyumbani. Hapo ndipo mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ustawi wa jamii wanapohitajika zaidi.

Wajibu wa jamaa na majirani

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kujaribu kujiua kuwa ni kosa, na hofu ya sheria hiyo huwafanya baadhi ya jamaa wamfiche mgonjwa nyumbani. Hofu hiyo isimcheleweshe mtu kutibiwa. Kazi ya mhudumu ni kutibu.

Ndugu mkazi, ukigundua kwamba mwanao, mwenzi wako au jirani anajidhuru, usimpige wala kumtangaza. Mwambie umeona, msikilize, kisha msindikize kituoni. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.